Uzamili wa sheria na kahawa iliyo mtini

Ukitoka Bukoba gari hufika Kyaka, likaliacha daraja la Mto Kagera linaloelekea Mutukula, likashika njia ya Karagwe. Ukikaribia Kayanga, migomba na mibuni imeshika pande zote. Omurushaka ndipo wa Nkwenda na Murongo wanapobadili usafiri. Huko ni Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukifika Murongo, ng'ambo ya mto ni Uganda.

Nilikwenda kwa mambo ya ukoo, lakini nilibeba swali la nyumbani: nisome uzamili wa sheria, au tuezeke nyumba kwanza? Shahada ya kwanza ya sheria ninayo, ajira ninayo, na watoto watatu wako shule. Baba watoto alisema tu, "Nenda, ukirudi tutaongea." Chuo Kikuu Huria kina kituo Bukoba, hivyo mtu husoma bila kuacha kazi. Mlimani au Mzumbe ni habari nyingine: pango, nauli, na watoto kulelewa na bibi.

Wengi hudhani uzamili humfanya mtu wakili. Sivyo. Njia ya uwakili ni shahada ya kwanza ya sheria, kisha Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Uzamili unamfaa anayetaka kuchimba jambo moja hadi mzizi, au kufundisha, au kupanda kazini. Kama huna jambo la kuchimba, nunua bati.

Jambo nililikuta kwa shangazi, upande wa Nkwenda. Baada ya chakula (ndizi na maharage, na rubisi kwa wanywaji) alileta karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, hapa niliweka dole gumba. Imeandikwa nini?"

Ilikuwa butura. Msomaji wa mbali aelewe: mkulima hupokea fedha kahawa ikiwa bado maua, na aliyetoa fedha ndiye atakayeichukua. Karo inadaiwa Januari, kahawa inaanza kuvunwa karibu na Mei. Katikati hapo ndipo mwenye fedha anapobisha hodi. Serikali imeikataza, na bado inafanyika. Karatasi ya shangazi haikutaja kilo wala bei ya kilo, ila "mibuni yote ya kibanja cha chini, misimu miwili". Je, makubaliano ya biashara iliyokatazwa yanadaiwa mahakamani? Na kama hayadaiwi, fedha alizokwisha kula zinarudishwaje? Nilikaa na karatasi ile hadi taa ikazimwa.

Kibanja chenyewe nacho kina maneno, kwa kuwa shemeji zake wanasema mjane hana ruhusa ya kukigusa. Hapo nilikuwa na la kumwambia. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoanzia Kashasha, mkoani humu humu, Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Shangazi aliuliza mwaka tena, akahesabu kwa vidole, akacheka. Habari hiyo ilikuwa haijafika kwake. Ni kweli yeye ni mjane, si binti mrithi, na tofauti hiyo ina uzito, nilimweleza. Nikamweleza pia kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Wakimtisha kwa "hukumu ya kata", ajue hilo.

Tumeongea nyumbani. Maombi yakifunguliwa nitajaza, na utafiti wangu utakuwa butura. Bati litasubiri. Baba watoto ametoa sharti moja: kahawa yetu isiuzwe maua ili kulipa ada.