Ripoti ya Wachache

Mwaka 1997 nilikuwa nikifundisha Wanyange, nchini Uganda, na jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kitgum aliyeikimbia vita ya waasi wa Kony kule kaskazini akaja Jinja. Alikuwa akiuza mukene, yaani dagaa, pale Masese. Mwanawe alikuwa ametekwa na waasi. Jioni alikuwa akija na kigoda chake tusikilize redio, na habari aliyoingojea ni ya Bunge.

Siku hizo mbunge wa kawaida hakuwa na chama cha kumkinga. Chini ya mfumo wa Movement kila mtu aliingia kwa jina lake, na aliyetaka serikali izungumze na waasi alitazamwa kama mwenzao. Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani ilipochunguza vita ya kaskazini, wajumbe wengi walisema jeshi lipigane mpaka limalize. Norbert Mao wa Manispaa ya Gulu, ambaye hata miaka 30 hajafika, na Daniel Omara Atubo wa Otuke, aliyewahi kukamatwa mwaka 1991 kwa shtaka la uhaini akiwa waziri mdogo, waliandika ripoti ya wachache: serikali ikae mezani na waasi. Bunge likafuata ya wengi.

Mama akauliza, "Mwalimu, hiyo ya wale wengine inatupwa?"

"Haitupwi, Mama. Inabaki kwenye kumbukumbu za Bunge."

Ikabaki kweli. Muswada wa msamaha kwa waasi ulipokuja, mwanzoni uliacha nje baadhi ya makosa. Wabunge wa kaskazini na viongozi wa dini wa Acholi wakashikilia msamaha uwe wa wote, maana wapiganaji wengi walikuwa watoto waliobebwa usiku kutoka vitandani mwao. Januari 2000 ukawa sheria. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na watu wasio na wizara wala gari la bendera.

Vita haikuisha hapo. Mwaka 2002 wizara zilikatwa asilimia 23 ya fedha zao ili jeshi lipate, na Juni 2003 waasi waliingia Teso wakachukua wasichana wa shule ya Lwala.

Lakini mwaka uliofuata kijana wa Mama alirudi. Nilikishika cheti chake cha msamaha kwa mikono yangu. Alipewa shilingi 263,000, godoro, blanketi, sufuria, majembe na mbegu. Mama alinisomesha kile cheti mara mbili, akitaka kusikia mahali panaposema hatashtakiwa.

Mei 2012 serikali iliiacha sehemu ya msamaha ya sheria hiyo ikome. Malalamiko yakafika Bungeni, Spika akiwa Rebecca Kadaga, binti wa Kamuli, na mwaka 2013 ikarudishwa. Mao alishatoka Bungeni tangu 2006. Waliosimama kuitetea safari hii walikuwa wabunge wengine, na hakuna aliyewaita wenzao wa waasi.