Pumu ya Mtoto na "Kwetu Haipo"



Wiki hii nimekaa na mume anayetaka kumwacha mkewe kwa sababu mtoto wao ana pumu. Anasema: "Sheikh, kwetu haipo, hii imetoka kwao."

Bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akimtilia shaka mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto. Mtume akamuuliza juu ya ngamia wake. Ni wekundu, lakini wamo na wa kijivu. Hao wametoka wapi? Bedui akasema huenda ni asili ya zamani imewavuta. Mtume akamjibu kuwa huenda na mtoto ni hivyo hivyo.

Madaktari nao wanasema pumu haina jeni moja. Ni nyingi, mtoto hurithi kwa baba na kwa mama, na mzazi aweza kuzibeba bila yeye kuugua kamwe. Mwaka 2007 watafiti walitambua sehemu ya kromosomu ya 17 inayoongeza hatari ya pumu ya utotoni. Baadaye ikaonekana hatari hiyo huzidi mtoto akivuta moshi wa sigara nyumbani angali mdogo.

Na huyu bwana anavuta, tena chumbani (kanzu yake yenyewe ilinuka).

Nikamwambia: aanze na sigara, inhela ya mtoto iwe karibu usiku na mchana, habari ya talaka aiache. Mpaka leo hajanirudia.