Kawaida ya nani? Mavazi ya chakula cha jioni katika safari ya familia

Ujumbe wa wifi yangu ulifika usiku mmoja baada ya swala ya Isha. Yeye anaishi Maskati na mumewe na wanawe, na likizo ile ya Desemba walikuwa wamepanga kuja Unguja. Alitaka sisi wa Dodoma tuteremke tukutane huko kwa siku tatu. Malazi angelipa yeye, na jioni ya pili tungepanda jahazi na kula chakula baharini huku jua likitua. Mwisho wa ujumbe aliandika hivi: "Msihangaike na nguo. Chakula ni cha kawaida tu, vaeni kawaida."

Nilimsomea binti yangu, ambaye yupo kidato cha tatu. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kawaida ya nani, mama?"

Sisi tunakaa Chimwaga. Ukumbi ambao zamani ulipokea mikutano mikuu ya chama tawala sasa umo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na barabarani kwetu hupita watu wa kila mavazi: wanafunzi wenye jinzi, wanafunzi wenye jilbabu, kina mama wenye madera na kanga begani wakitoka sokoni. Kawaida yetu ni vumbi na upepo mkavu, na nguo nzuri ni ile inayovumilia vyote viwili. Kawaida ya Maskati niliijua kwa picha za wifi yangu tu, katika abaya zake nyeusi zilizonyooka bila kunyanzi. Kawaida ya hoteli za ufukweni sikuijua kabisa, na kwa kuwa sikuijua, niliiogopa kuliko zote.

Niliyemwonea haya zaidi hakuwa binti yangu wala mimi mwenyewe. Alikuwa mama yangu mzazi. Naandika hili kwa uzito, lakini bila kulisema makala haya hayana maana.

Mama ni mtu wa Kondoa. Tangu baba alipofariki anaishi nasi, na katika maisha yangu yote sijamwona akitoka nyumbani bila doti ya kanga, moja kiunoni juu ya gauni, moja kichwani ikishuka hadi mapajani. Kanga zake zimefuliwa mpaka majina yake hayasomeki tena. Nilimwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwamba safari hii kanga aziache. "Mama, kanga ni za nyumbani. Kule tutakaa na wageni." Aliniangalia kidogo, kisha akajibu, "Sawa, mwanangu."

Nikaenda mjini nikanunua abaya tatu: yake, yangu na ya binti yangu. Zilinigharimu shilingi 240,000, fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za jiko letu. Mume wangu aliponiuliza bei, nilimtajia nusu yake.

Tulisafiri kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya Dar es Salaam kuwa karibu kwa sisi tuliozoea kushinda siku nzima ndani ya basi. Kutoka Dar es Salaam tulipanda boti. Hapo ndipo nilipopata funzo la kwanza. Ndani ya boti kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka watoto wakatetemeka, na nje upepo wa bahari uliingia chini ya abaya yangu nyepesi ukaipandisha kama tanga. Mkono mmoja nilishika mtandio, mwingine nikashika pindo, nikakosa wa kumshika mtoto. Mama alikaa kimya kando yangu. Sikumwuliza kama anasikia baridi.

Jioni ya kwanza tulikula katika ukumbi wa hoteli ulio wazi upande wa bahari. Wageni wengine walikuja na kaptura na ndara, wengine na nguo za kuogelea walizofunika kwa kitambaa chepesi. Mume wangu akageuza kiti chake akatazama ukuta. Wifi yangu alikuja na abaya yake ya kila siku, ambayo kwangu ingekuwa ya Idi. Mama alikuja na abaya yake mpya. Ilikuwa ndefu kwake kwa kidole kimoja, na alijikwaa mara mbili kwenye ngazi. Tulipokaa, aligusa wali kidogo akaacha. Wifi yangu akamsihi, "Kula, mama." Akajibu kwa aibu, "Nimeshiba, mwanangu." Baadaye chumbani nilimwuliza tena, akaniambia ukweli: mikono ya abaya ilikuwa mipana, aliogopa kuichovya kwenye mchuzi. "Nguo ya bei, nitaiharibu." Akalala na njaa kwa sababu ya vazi nililomnunulia mimi.

Asubuhi yake tulitembea Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulifika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Shemeji yetu, mume wa wifi, ni mtu anayependa historia. Aliwaeleza watoto kwamba zamani hizo vazi ndilo lililotangaza nani ni bwana na nani ni mtumwa. Mtumwa alivaa merikani, yaani pamba ghafi isiyotiwa rangi, au kaniki iliyotiwa nili, na mwanamke mtumwa hakutarajiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki wakachukua kanga, na baada ya hapo buibui nalo likaenea kwa wanawake wa tabaka zote. Kwa wanawake wale, kanga haikuwa nguo ya nyumbani. Ilikuwa tangazo kwamba na wao ni watu wenye heshima ya kusitiriwa.

Mama, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, akasema kwamba hata kwao bara nguo zilipita kwa taabu, maana wazee walisimulia habari za hongo. Alikuwa sahihi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kupita Ugogo, na watemi wa Ugogo walidai hongo, ambayo kwa sehemu kubwa ililipwa kwa majora ya nguo. Uwanda wetu huu mkavu ulikuwa ukiuza ruhusa ya njia na maji kwa merikani na kaniki. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha macho. Kumbe nilikuwa nimemvua mama yangu nguo ambayo wanawake waliipata kwa uchungu, ili nisionekane mimi kuwa nimetoka shamba.

Jioni ikafika zamu ya jahazi. Ndugu msomaji ambaye hujawahi kupanda, ujue kwamba jahazi halifiki mpaka mchangani. Hutia nanga mbele kidogo, nawe huingia majini hadi magotini, kisha hupandishwa kwa ngazi fupi ya mbao. Hapo kila vazi husema ukweli wake. Wifi yangu alikuwa na suruali pana chini ya abaya, akapanda bila wasiwasi. Binti yangu alikataa abaya yake, akavaa shati refu pana lililopita magoti, suruali isiyobana na mtandio wa pamba uliofungwa vizuri. Tulikuwa tumebishana kabla ya kutoka. Nilimwambia hakuvaa kistaarabu, naye akanijibu kwa adabu, "Mama, kipi hakijasitiriwa? Mbona kaka amevaa bukta iliyoishia juu ya magoti na hakuna aliyemwambia kitu?" Baba yake alicheka, kisha akanyamaza, kisha akamwamuru kijana arudi chumbani akavae suruali. Mipaka ya sitara ya mwanamume imo katika vitabu vyetu vya fiqhi, kitovu hadi magoti, lakini majumbani mwetu darasa la mavazi huwa na mwanafunzi mmoja tu, naye ni binti.

Mimi niliingia majini na abaya yangu yenye mikono ya lesi. Pindo lililowa likanizonga miguu, na baharia akanivuta juu mbele za watu kama gunia.

Tanga lilipandishwa, samaki wa kuchoma na pweza wakaletwa, na jua likazama upande wa bara. Shemeji akasema kwamba sisi ni wasafiri na tunayo ruhusa ya kuchelewesha Maghribi tukaijumuisha na Isha hotelini. Alisema kweli, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii inayofuatwa na wengi wetu ruhusa hiyo inajulikana. Mama akajibu taratibu, "Ruhusa ni rehema, baba. Ila chombo kimetulia, nami naweza kusimama." Akamwuliza nahodha kibla kiko wapi. Nahodha akanyoosha mkono kaskazini, maana ukiwa Unguja Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Akateka maji ya bahari kwa ndoo, mama akatawadha.

Wifi yangu alitaka kuswali naye. Mimi pia nilitaka. Lakini nilipojitazama, mikono yangu ilionekana kupitia lesi, na mtandio wangu mwepesi ulikuwa ukipeperuka na kuacha nywele wazi. Nilikuwa nimejipamba kwa ajili ya kila mtu aliyemo chomboni, na sikuwa na vazi la kusimama nalo mbele ya Mola wangu.

Mama akafungua mkoba wake wa ukili. Akatoa doti ya kanga, ile ile iliyofifia. Alikuwa ameikunja akaificha chini ya dawa zake tangu Dodoma, baada ya mimi kumkataza. Hakusema neno. Akazichana zile kanga mbili kwa meno pale zilipounganika kwa uzi, moja akajifunga kiunoni juu ya abaya yake iliyolowa, na ya pili akanitupia mabegani. Tulipomaliza, mwanamke mwingine, mgeni tusiyemjua aliyekuwa na familia yake upande wa pili wa jahazi, akaja kuiazima. Doti moja iliwasitiri wanawake wawili kwanza, kisha wa tatu. Baadaye mama aliitandaza mapajani, akakunja mikono ya abaya yake hadi kwenye viwiko vya gauni la ndani, akala samaki mpaka akashiba. Nilimtazama akila, nikalia kidogo. Giza lilinisitiri.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria aya ya 31 ya Surat Al-A'raf. Ndani ya aya hiyo moja Mwenyezi Mungu amewaamuru wanadamu wachukue mapambo yao kila wanapokwenda kufanya ibada, na hapo hapo akawaruhusu kula na kunywa, akikataza israfu. Vazi, ibada na chakula vimewekwa mahali pamoja. Aya chache kabla yake ametaja nguo za kusitiri na nguo za pambo, kisha akaliweka vazi la ucha Mungu juu ya hizo zote. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri, hakumlaumu. Alieleza kwamba uzuri unapendwa na Allah, na kwamba kiburi ni jambo jingine: kuikataa haki na kuwadharau watu. Abaya yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba niliinunua kwa kumdharau mtu, na mtu huyo ni aliyenizaa.

Kwa dada zangu watakaoalikwa katika safari kama hii, haya ndiyo niliyoyaokota. Nguo ya chakula cha jioni safarini iwe ile unayoweza kuiswalia bila kuongeza kitu, kwa sababu Maghribi itakukuta mezani. Iwe nzito kiasi cha kushindana na upepo, au uwe na pini za kutosha. Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, si sakafuni, maana mbao za chombo huteleza. Chini yake vaa suruali pana. Mikono iwe ya kukunjika, kwa kuwa chakula chetu huliwa kwa mkono. Rangi nyeusi si sharti. Wanaume na wavulana wakaguliwe kama mabinti wanavyokaguliwa. Na mzee wako umwache avae alichozoea, maana hapo ndipo atakapokula.

Ndani ya treni ya kurudi nilimwambia mume wangu bei kamili ya abaya zile. Alinyamaza mpaka tulipopita Morogoro. Kisha akasema bati zitasubiri, lakini nisimfiche tena. Wifi yangu, wakati wa kuagana bandarini, alikuwa amemwomba mama ile kanga aliyoswalia, aende nayo Maskati. Mama alimpa kipande kimoja, akabaki na cha pili. Kipo kwenye kamba nje ya nyumba yetu ninapoandika, na upepo wa Chimwaga unakipeperusha.

Allah atusamehe kwa yale tunayowafanyia wazazi wetu kwa kuwaogopa watu, na atuvike vazi lililo bora. Amin.