Simu moja kwa akina mama wote wa Gachoka

Leo nawaletea kisa cha nambari 2147483647, iliyokaribia kumvunjia shangazi yangu heshima kule nyumbani Gachoka, Embu.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaolima ndengu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia programu ya kutunza majina, simu na akiba za wanachama. Nilipoijaribu niliingiza simu zinazoanza na 07, ikakubali. Baadaye nikazigeuza zote zianze na 254 ili zifae kutumiwa pesa. Sikuangalia tena.

Siku ya kugawana pesa orodha ikachapishwa. Kila mwanachama alikuwa na simu ile ile: 2147483647. Mama mmoja akauliza, "Hii simu ya kupokea pesa zetu zote ni ya nani?" Usiku shangazi akanipigia. "Kijana wangu, wananiita mwizi. Njoo ueleze mwenyewe."

Asubuhi nikapanda matatu.

Kosa lilikuwa langu. Nilihifadhi simu kama nambari kamili ya biti 32. Biti moja huonyesha kama nambari ni hasi au chanya, zinabaki 31. Zote zikiwa 1, unajumlisha 1+2+4+8 na kuendelea hadi 1073741824, unapata 2147483647. Hapo ndipo mwisho. Simu ya tarakimu 12 inayoanza na 254 inapita bilioni 254! Hifadhidata niliyotumia haikulalamika, iliandika tu kikomo chake.

Akina mama niliwaambia hivi: debe likishajaa, hata ukimimina gunia zima la ndengu, ukipima utapata debe moja tu. Zilizomwagika huwezi kuzijua. Wakaelewa.

Sasa cha ajabu: hii ni namba tasa. Leonhard Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772, bila kompyuta. Huhitaji kujaribu vigawanyo kupita 46340, maana 46341 mara 46341 tayari inazidi. Euler alipunguza hata hivyo vigawanyo vya kujaribu. Haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, lakini chama karibu ikigawanye!

Na bado tutakutana nayo. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 itafika kikomo hicho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, saa za Kenya.

Basi wenzangu mnaoandika programu, simu haijumlishwi wala haizidishwi. Ihifadhini kama maandishi.

Simu zilizopotea hazikurudi kutoka kwenye kompyuta. Zilitoka kwenye daftari la shangazi, aliloandika kwa kalamu tangu siku ya kwanza. Alinisomea moja moja mbele ya wanachama wote, nami nikaingiza. Jioni kila mtu alipata pesa zake.

Daftari lile bado analiandika. Simkatazi.