Kutoka Pazia la Studio hadi Simu ya Mzazi

Enzi za filamu, mtoto wa Somanda, mjini Bariadi, alikuwa mtu wa kupigwa picha, si wa kupiga. Alivalishwa nguo za sikukuu, akapelekwa studio, akasimamishwa wima mbele ya pazia lenye michoro na kuambiwa asitikisike. Filamu moja ilikuwa na picha 24 au 36, kila picha ililipiwa, kisha familia ikasubiri isafishwe. Kwa gharama hiyo, nani angemwachia mtoto kamera? Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na simu ya mzazi hupiga picha mia moja kabla chai haijapoa. Ni neema kubwa. Lakini gharama ilipoondoka, iliondoka na tabia ya kuchagua, na ninaamini tabia hiyo inafaa kurudishwa nyumbani kwa makusudi.

Historia inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1900 Kodak ilitoa Brownie, kamera ya boksi iliyouzwa dola moja na kulengwa kwa watoto. Filamu yake ilikuwa na picha sita tu. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekulia Tanganyika, alianza na Brownie akiwa bado kijana mdogo, akaanzisha kampuni ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1984 picha zake za televisheni za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu. Kifaa duni hakikumzuia kujifunza kutazama.

Basi mtoto apewe simu Jumamosi, lakini kwa picha 12 tu na kitu kimoja cha kupiga: mathalani tumba la pamba lililopasuka. Saa moja asubuhi mwanga hutoka ubavuni, na nyuzi huonekana moja moja pamoja na kivuli cha kila kikonyo. Saa sita jua likiwa utosini, tumba lilelile huwa doa jeupe lisilo na umbo. Hapo mtoto hujionea kwamba mwanga ndio unaochora. Kijana mkubwa anaweza kupiga hatua za kazi moja ya nyumbani, kama kusonga ugali, kisha akaandika maelezo chini ya kila picha.

Wapo watakaosema kaya nyingi hazina simu janja. Ni kweli, ila tundu la msumari kwenye bati nalo ni kamera: lile doa la mviringo sakafuni ni taswira ya jua lenyewe. Ndiyo maana jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, madoa ya namna hiyo yaligeuka hilali. Wengine wanahofia mtandao, na hofu yao ina msingi. Lakini kamera ya simu haihitaji bando, hivyo intaneti izimwe. Mtoto afundishwe pia kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, jambo linaloendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa wanaoona mchezo huu unaiba muda wa masomo, nawaomba wamalizie zoezi: mtoto achague picha moja kati ya 12 na aeleze kwa nini ameziacha 11. Anayeweza kutetea uchaguzi huo ameshajifunza kuchunguza, kulinganisha na kujenga hoja, na shule haimdai zaidi ya hayo.