Kabla ya Turbo

Mwambie fundi kwamba pikapu yako haina nguvu, kisha tazama ataanza kugusa wapi. Wengi hufungua boneti. Wangu, mzee wa Iringa aliyezeekea chini ya Land Cruiser, alizunguka nyuma ya gari, akakishika chuma cha kufungia tela, akakitikisa kwa mikono miwili, halafu akaniuliza: “Hizo nguvu ukishazipata, mwanangu, utasimama na nini?”

Gari ni HZJ75 ya miaka ya 1990. Injini yake ni ile 1HZ ambayo madereva wetu wanaitambua kwa sauti tu: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Haina haraka, ila haichoki. Kazi niliyoipa ni kushusha mitamba wa maziwa kutoka Mafinga kwenda kwa wafugaji wa upande wa Morogoro. Mitamba wanne wa kilo 350 kila mmoja, ukiwapakia kwenye tela lenye kilo 700, umeshafika tani 2 na ushei kabla hujahesabu majani na pipa la maji. Na kule Mafinga, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 17 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo anayetaka turbo huku milimani ana hoja: turbo huisukumia injini hewa ambayo mlima umeinyima. Ubaya ni kuifanya jambo la kwanza.

Mzee alianza na springi. Tela lililopakiwa vizuri hukikandamiza kichwa cha kulifungia kwa takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwangu mimi hiyo ni kilo 210. Lakini kichwa hicho kiko nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari kwa kama mita 1.2, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3 kasoro kidogo. Mzigo unageuka kuwa wenzo: unakandamiza nyuma na kuinyanyua pua. Piga hesabu, utakuta ekseli ya mbele imepunguziwa kilo 80 na ushei, na ya nyuma imeongezewa karibu 300. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika matawi ya miti, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa unapofunga breki, yanapoteza mshiko. Dereva mgeni huufurahia wepesi ule wa usukani. Ni dalili mbaya.

Tuliongeza bamba moja kwenye kila springi ya nyuma, si zaidi, maana springi ngumu mno humrusharusha dereva siku anaporudi bila mzigo. Tukabadilisha shokapu zote nne. Chuma cha kuvutia tela kikaondolewa kwenye bampa, kikafungwa kwenye chesi yenyewe kwa boliti, na mabamba pande zote mbili ili mzigo usambae. Jirani yangu alikuja kulitazama gari lilipotoka gereji, akalizunguka, akauliza kilichofanyika ni nini. Kwa macho, hakuna.

Kisha breki, na hapo ndipo mzee alipokaa. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro lazima ashuke Mlima Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kuupanda ukiwa dhaifu utachelewa tu; malori hupanda kwa mwendo wa mtu na yanafika. Kushuka ndiko kunakoua. Kila mita unayoshuka, uzito ule unageuka joto, na joto lazima liende mahali: kwenye diski, kwenye dramu, mwishowe kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Tabia yake, hata hivyo, ni kunyonya unyevu, na yakishaunyonya yanaweza kuchemkia kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi chini huku gari likiendelea na safari yake.

Mzee alilegeza nipo ya gurudumu la nyuma, akayakinga yale mafuta kwa chupa tupu ya maji ya kunywa, akainyanyua juani. Yalikuwa ya kahawia nzito, na chini palitulia vumbi laini la kutu. “Haya ndiyo yaliyokuwa yanakushusha Kitonga,” akasema. Tukaweka DOT 4, breki shuu mpya, mipira mipya ya silinda. Tela nalo likapata breki zake, zile ambazo gari likipunguza mwendo, tela linausukuma ulimi wake na ulimi unavuta waya wa breki. Ulaya, tela lenye uzito unaozidi kilo 750 haliruhusiwi barabarani bila breki zake. Natamani kanuni hiyo iandikwe ukutani katika kila gereji inayochomelea matela hapa kwetu, maana tunachomelea mengi na breki hatuziulizi.

Mitamba nao ni mzigo wenye akili yake. Uzito unatakiwa uelemee kidogo mbele ya ekseli ya tela. Ng'ombe wakirudi nyuma wote kwa pamoja, ulimi unanyanyuka na tela linaanza kutikisa mkia. Hapo mguu hukimbilia breki, na breki za gari peke yake huzidisha kuyumba. Dawa ni kuachia mafuta na kuushika usukani bila kushindana nao, mpaka mwendo upungue. Tukaweka vizuizi ndani ya tela, kila mtamba na nafasi yake. Mwisho ikaja zamu ya kupoza injini: rejeta ikazibuliwa, klachi ya feni ikabadilishwa.

Kazi ile ilipokuwa inaendelea, nikiwa nimekaa juu ya tairi pale gereji, niliyemfikiria ni dada yangu mkubwa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyekuwa na mshahara, mwalimu wa sekondari, na sote tukafunga matela yetu kwake: ada za wadogo, dawa za mama, michango ya harusi, mahari ya kaka. “Dada ndiye injini ya ukoo,” tulisema kwenye vikao, na kila tulipomsifu tulimwongezea kilo. Alipopandishwa cheo kuwa mkuu wa shule tulishangilia kwelikweli, na maombi mapya yakamfikia kabla hajahamia nyumba ya shule. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Hakuna aliyejiuliza kama dada anajua kukataa, na akikataa nani atasimama upande wake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tulimtazama akivuta tukaona usufi mtupu, kwa sababu hakulalamika.

Alilazwa kwa presha. Daktari hakumuuliza chochote kuhusu nguvu. Aliuliza usingizi, chumvi, na nani yuko nyumbani wa kumsaidia.

Mtu mwenye nguvu tunamwonea kuliko tunavyomwonea mnyonge. Mnyonge tunamtua mzigo tukiona magoti yanatetemeka. Mwenye nguvu tunampandisha cheo, kumchagua mwenyekiti, kumwachia mgonjwa wa kuuguza, na tunaita hiyo heshima. Nimeliona hilo msikitini na kanisani, kwenye vikundi vya kukopeshana, kwenye shule za kata ambako mwalimu mmoja anayejituma ndiye anayepewa kila kamati. Kisha siku moja anaporomoka, na sisi tunashangaa kwa dhati, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma vizuri mpaka dakika ile.

Nyumbani tumegawana upya. Dawa za mama ziko kwangu na kwa kaka. Ada imebaki ya mdogo mmoja tu, nayo tunachangia wote. Maombi mengine yote yanapita kwanza kwa baba mdogo, ambaye ana sauti nzito na haogopi kusema hapana kwenye kikao. Dada alikataa mpango huo mwanzoni. Alisikia kana kwamba tunamwambia hawezi tena. Ilibidi mama mwenyewe aongee naye.

Turbo nimeinunua, bado iko kwenye boksi lake. Mzee anataka geji ya joto la ekzosi ifungwe kwanza, kwa kuwa injini hii tayari inaikandamiza hewa zaidi ya mara 22, na ukiijazia hewa na dizeli bila kulitazama joto, pistoni zinapasuka. Tumekubaliana: geji kwanza, turbo baadaye, na presha yake iwe ndogo, ya kurudisha hewa ambayo Mafinga inatunyima, basi.