Magunia yaliyokosewa, udongo ukalipa

Mfugaji anayewajua ng'ombe wake hangoji kuambiwa kuwa mambo yameharibika. Mwaka 1973 Rick Halbert, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na mji wa Battle Creek, jimboni Michigan, Marekani, aliwaona ng'ombe wake wakisusa chakula. Maziwa yakapungua siku hadi siku. Madaktari wa mifugo walikuja, wakapima, wakaondoka bila jibu. Wafugaji wengine waliopatwa na balaa hilo waliambiwa kosa ni utunzaji wao wenyewe.

Halbert alikuwa amesomea uhandisi wa kemikali, akashuku chakula. Alikitenga, akawalisha ndama wachache. Wakaugua, baadhi wakafa. Akahangaika na maabara kwa miezi, hadi mwaka 1974 ukweli ulipojulikana: chakula kilikuwa na PBB, kemikali iliyokuwa ikiwekwa kwenye plastiki ili isishike moto haraka.

Iliingiaje? Kiwanda kimoja mjini St. Louis, jimboni humo humo, kilitengeneza NutriMaster, kirutubisho cha mifugo, na pia FireMaster, hiyo PBB. Magunia yakachanganywa, sumu ikaenda kwenye kinu cha chakula cha mifugo.

Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku wapatao milioni 1.5 waliuawa. Mashamba zaidi ya 500 yaliwekwa karantini. Lakini kwa miezi mingi familia zilikuwa zimekwisha kunywa maziwa yale na kuwapa watoto.

Ng'ombe walizikwa, udongo ukabaki. Samadi na maziwa yaliyomwagwa viliipeleka PBB shambani, nayo haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Hung'ang'ania udongo kama inavyong'ang'ania mafuta ya mwili, na mvua za miaka haziiondoi.

Dawa moja ni joto. Udongo hupashwa hadi kemikali igeuke mvuke, kisha mvuke huvutwa kwa mabomba na kunaswa usitoroke. Kiwanda cha St. Louis kilifungwa mwaka 1978. Miongo minne baadaye, wataalamu walichomeka vyuma vya umeme ardhini kwenye uwanja wake na kuvuta kemikali zinazogeuka mvuke kwa urahisi. PBB ni nzito zaidi, inataka joto la mamia ya nyuzi. Joto hilo huunguza mboji na kuua minyoo na vijidudu vinavyoupa udongo uhai. Mkulima hurudishiwa udongo safi, lakini uliochoka, unaohitaji samadi na subira kabla ya kuzaa tena.

Hapo ndipo mzazi anayechoma runinga mbovu na nyaya nyuma ya nyumba anapaswa kusimama. Plastiki hizo nyingi zina kemikali za jamii hiyo. Moto wa uani haunasi mvuke. Huzaa sumu nyingine, ikaanguka kwenye mchicha na pale kuku wanapochakura, kisha ikarudi mezani ndani ya yai.

Halbert na mkewe, Sandra, waliandika kitabu juu ya masaibu yao, Bitter Harvest, mwaka 1978. Yote yalianzia kwenye magunia ambayo hakuna aliyeyasoma vizuri. Basi dawa ya shamba isihamishiwe kwenye chupa ya soda, na gunia lisilo na maandishi lisifunguliwe karibu na chakula cha mifugo. Kusoma lebo ni kazi ya dakika moja. Kuusafisha udongo huchukua miaka mingi.